SI CHUMA ULETE, DADA, NI NYODO ZAKO!

Pale Kasumulu, mpakani na Malawi, kuna dada mmoja wa miamala, jina kapuni. Kucha kali, wigi la maana, kibanda kinang'aa. Mteja akisimama dirishani, dada yuko bize na simu. Mama aliyevuka kutoka Malawi akirudia kuuliza makato ya kutoa hela, anajibiwa, "Kwani wewe mama husikii?" Jioni dada yuko status analia: biashara imekufa, majirani wana chuma ulete.

Wadau, tuache uongo. Kinachomfukuzia wateja ni mdomo wake.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna kijana, naye jina kapuni. Kibanda kimechoka, mwavuli umechanika, lakini watu wanamiminika. Anataja makato kabla hajaulizwa. Anamsomea mteja namba na jina, ndipo anabonyeza. Noti anazihesabu mbele yako. Floti ikiisha anasema ukweli na kukuelekeza kwa jirani. Mama mtu mzima anamwamkia "mugonile", maana Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa upande wa Karonga wanasikilizana kabisa.

Sasa fikirieni. Makato ya miamala hayapangwi na wakala, yanapangwa na kampuni ya simu. Dada na kijana wanauza kitu kilekile kwa bei ileile. Hakuna anayeweza kushusha bei amzidi mwenzake. Kilichobaki ni kuijua kazi na kumheshimu mtu.

Hata kwenye mchele ni hivyohivyo. Kila meza utaambiwa "huu ni Kyela". Mteja anarudi kwa yule aliyemwambia ukweli kwamba huu ni mpya, maji weka kidogo, usije ukawa bokoboko.

Watetezi wa dada wanasema mpakani matapeli wengi, ukimchekea mteja unalizwa. Hapana! Tapeli anampenda wakala asiye makini, anayechati huku anahesabu hela. Anayesoma meseji kwa utulivu na kuangalia salio lake kwanza ndiye mgumu kupigwa. Kununa si ulinzi.

Wengine wanasema wateja wa mpakani ni wapita njia, hawarudi. Nani kawaambia? Dereva wa lori akishusha mzigo Lilongwe, mara nyingi anarudi kwa barabara ileile. Wamama wa vitenge wanavuka daraja la Songwe kila mara. Na hao wanaongea! Ukimjibu mmoja ovyo, kijiwe kizima kinajua kabla jua halijazama.

Uchungu ni kwamba mtaji wa dada ni wa mkopo, zile kausha damu. Rejesho halijui wigi wala kucha. Siku wakija kubeba meza na simu, asimtafute mchawi. Ajitazame kwenye kioo kilekile anachopakia lipstiki, halafu aweke simu chini na kumwambia mteja, "Karibu mama, nikusaidie nini?"

Hiyo haina makato.