Asiyejua basketi naye ana nafasi uwanjani

Mjini Bukavu, mpira wa miguu hauhitaji mtu wa kuueleza. Majina ya OC Muungano na OC Bukavu Dawa yanajulikana hadi vijijini, na hata mtoto aliyefika jana kutoka Kalehe au Walungu anajua wakati wa kupiga kelele. Basketi ni habari nyingine. Mtu anayeiona mara ya kwanza anasikia filimbi kila mara, anaona mchezo unasimama na kuanza tena, watu wanashangilia, naye hajui wanashangilia nini. Baada ya dakika kumi anaondoka.

Kuondoka huko ni hasara, na lawama si yake. Ni ya wenyeji wanaojua mchezo na hawasemi neno. Familia nyingi zilizokimbia vita zinaishi katika nyumba za watu waliowapokea. Wanashiriki maji, jiko na sakafu ya kulalia. Lakini jioni, vijana wa mji wanapoenda uwanjani, kijana mgeni anabaki mlangoni. Hakuna aliyemkataza kwenda. Hakuna pia aliyemwambia: twende, nitakueleza.

Na cha kueleza si kingi. Kila timu ina wachezaji 5 uwanjani. Wanacheza vipindi 4 vya dakika 10. Saa inasimama filimbi inapolia, ndiyo maana dakika 40 zinakula zaidi ya saa moja. Kikapu kiko mita 3.05 juu. Kufunga kunaleta pointi 2, au 3 kwa aliyerusha kutoka nyuma ya mstari mkubwa wa duara, na mrusho wa adhabu ni pointi 1. Mwenye mpira hatembei nao bila kuudundisha, na timu yake ina sekunde 24 za kurusha. Mchezaji akifikisha makosa 5 anatoka. Sare hakuna: wakilingana, wanaongeza dakika 5 hadi mmoja ashinde. Mama anaweza kumweleza jirani yake haya yote wakati wachezaji wanapasha miili moto.

Tena, mchezo huu wenyewe ulianza kwa kuelezwa. Desemba 1891, kule Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda na kubandika kanuni 13 ukutani. Wanafunzi wake 18 walizisoma, wakacheza. Siku hiyo hapakuwa na mwenyeji wala mgeni wa basketi, wote walikuwa wageni.

Wengine wanasema huu ni mchezo wa watoto wa mashule makubwa, si wa watu wa kijijini. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, upande wa pili wa Ziwa Kivu, na mwaka 2022 alikuwa katika timu ya Golden State Warriors iliyotwaa ubingwa wa NBA. Hayati Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alicheza huko misimu 18. Alikuwa akizuia mpira wa mpinzani, kisha anatikisa kidole: hapana, hapa hupiti. Mtoto wa Minova akionyeshwa kidole hicho mara moja, atakikumbuka.

Kuna hoja nzito zaidi: watu wana njaa, basketi ya nini? Ni kweli mechi haijazi sufuria, na kiongozi yeyote asiitumie kuficha msaada ambao haujafika. Lakini mtoto aliyekimbia risasi hakupoteza shamba na darasa tu. Amepoteza pia watu wa kumwita kwa jina. Akikaa saa moja kando ya watoto wa mtaa, akauliza, akajibiwa, akashangilia pamoja nao, kesho yake atakuwa na mtu wa kumsalimia njiani. Hilo haligharimu hata franka moja.

Kwa hiyo wenye kuandaa mechi wana kazi ndogo ya kufanya. Kabla ya filimbi ya kwanza, mtu mmoja ashike kipaza sauti na aeleze kanuni kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake, na Mashi na Kihavu zikiwezekana. Watoto wa wakimbizi waingie bure. Kila familia ya wenyeji iende na jirani mmoja ambaye hajawahi kuona mchezo huu. Nao wageni wasione haya kuuliza, kwani hata anayepiga kelele kuliko wote kuna siku aliuliza.

Jambo la mwisho ni saa. Mechi ianze mapema na imalizike jua likingali juu, maana familia nyingi zinaogopa kutembea usiku. Mechi inayoisha gizani, hata ikiwa bure, mama mkimbizi hataleta watoto wake.