Kampuni changa za teknolojia Dubai: usiulize mshahara tu, uliza mshahara wa msingi

Vijana wetu wanaokuja Dubai siku hizi hawaulizii tena kazi za dukani na ulinzi tu. Wengi wanataka kampuni changa za teknolojia: za programu za simu, za malipo, za kusafirisha mizigo. Nami nafanya kazi kwenye moja ya hizo, na naona utamu wake unasimuliwa sana kuliko hatari yake.

Utamu upo, tusidanganyane. Ofisi ikiwa na watu kumi na watano, aliyeajiriwa kuandika programu ataongea na wateja, atakaa kikao cha bei, na mwenye kampuni anamjua kwa jina. Mtu anakomaa haraka. Wengine hupewa na hisa.

Mfano unaotajwa kila mara ni Careem. Ilianzishwa Dubai mwaka 2012, na Machi 2019 Uber ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 3.1. Waliokuwa na hisa walivuna. Lakini Mei 2020, korona ilipokausha safari za abiria, kampuni hiyohiyo ilipunguza wafanyakazi 536, sawa na asilimia 31. Kama iliyokuwa na Uber mgongoni ilitikisika hivyo, itakuwaje kampuni inayoishi kwa fedha za mwekezaji mmoja?

Na huku kwetu kazi ikikatika, kibali cha ukaazi nacho kinaanza kuhesabiwa siku. Kodi ya nyumba, ada za watoto na hela ya kutuma Mombasa au Unguja hazisubiri.

Ndiyo maana nasema swali kubwa si jumla ya mshahara, bali mshahara wa msingi. Tuseme kijana anaahidiwa dirhamu 9,000 kwa mwezi, lakini kwenye mkataba mshahara wa msingi ni 4,000 na 5,000 zilizobaki ni posho. Kwa sheria ya kazi ya Imarati, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Akikaa miaka mitatu ataondoka na dirhamu 8,400. Msingi ungekuwa 6,000, angepata 12,600, na wala jumla ya kila mwezi isingebadilika.

Bima ya kupoteza kazi, iliyoanza Januari 2023, nayo inafuata hesabu hiyohiyo. Mfanyakazi mwenyewe ndiye anayelipia: dirhamu 5 kwa mwezi kama msingi wake hauzidi 16,000. Akiachishwa kazi analipwa asilimia 60 ya mshahara wa msingi, kwa miezi isiyozidi mitatu. Kwa msingi wa 4,000, hiyo ni 2,400 kwa mwezi. Lazima awe amechangia miezi 12 mfululizo na adai ndani ya siku 30. Aliyejiuzulu mwenyewe hapati kitu, kwa hiyo ukiambiwa "andika tu barua ya kuacha kazi, mambo yaishe vizuri", usiharakishe kusaini.

Hisa je? Zichukue ukipewa, lakini usizipangie ada ya mtoto. Kwa kawaida hutolewa kwa awamu, mara nyingi ndani ya miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha unaweza kutoka mikono mitupu. Hata zikiwa zako, hazina soko mpaka kampuni inunuliwe au iingie soko la hisa.

Simkatazi mtu. Kwa kijana asiye na majukumu mengi, miaka miwili kwenye kampuni ndogo ni shule nzuri. Mwenye watu wanaomtegemea aombe posho zipunguzwe na msingi upandishwe kabla ya kusaini, na aweke akiba ya miezi mitatu kabla ya kuanza kujenga nyumbani. Na mshahara ukianza kuchelewa, asingoje mwezi wa pili ndipo atafute kazi nyingine.