Kalamu ya Kisiwani Isiachwe Peke Yake

Katika miaka kumi hivi iliyopita uandishi wa Kiswahili umepata msukumo ambao haukuwapo kwa muda mrefu. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, na miongoni mwa washindi wake wa mwanzo, mwaka 2015, alikuwamo mwanamama wa Kitanzania, Anna Samwel Manyanza, kwa riwaya yake. Mwezi Aprili 2023 wakatangazwa washindi wa kwanza wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Haya ni mambo ya kushukuru, na sisi tunayashukuru kwa dhati.

Hata hivyo, shukrani isitufumbe macho. Mashindano makubwa kama hayo kwa kawaida hudai muswada uliokamilika: riwaya nzima au mkusanyiko mzima. Sasa tujiulize: yule kijana wa Bweni au wa Kanga, mwenye hadithi moja ya kurasa nane aliyoiandika katika daftari la shule, aanzie wapi? Nani ataisoma? Nani atamwambia kwamba mwanzo ni mzuri lakini mwisho umelegea? Ngazi imesimamishwa, tena ngazi nzuri, ila kipago chake cha kwanza kiko juu mno kwa mtu aliye chini.

Swali hili linatujia kwa uzito zaidi tunapofikiria Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia. Kutoka Kilindoni hadi huko ni mwendo wa zaidi ya kilomita 40, kupitia Kirongwe na Bweni. Mnara wa taa uliopo hapo ulijengwa na Wajerumani mwaka 1892, ili vyombo vipitavyo visiangamie miambani. Utawala ule wa kigeni uliona faida ya kuweka taa kwa ajili ya wapita njia. Sisi tulio huru hatuna budi kuwafikiria pia wale wakaao huko siku zote.

Asije mtu akasema kwamba Mafia haina waandishi. Kisiwa hiki kimeandika, na ushahidi upo. Mwaka 1941 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha historia na mapokeo ya Mafia yaliyokusanywa na kadhi wa kisiwani, Amur Omar Saadi. Yalitoka kwa Kiingereza. Tena, mtaalamu wa Kiingereza, Pat Caplan, ambaye alianza utafiti wake kaskazini mwa Mafia katika miaka ya 1960, alitoa mwaka 1997 kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni masimulizi ya wanakijiji wenyewe, pamoja na shajara aliyoiandika mmoja wao kwa Kiswahili. Kitabu hicho nacho kilitoka kwa Kiingereza.

Hatuwalaumu waliofanya kazi hizo; bila wao huenda maneno hayo yangepotea. Tunalosema ni hili: maneno yaliyotoka vinywani na kalamuni mwa watu wa Mafia yaliwafikia kwanza wasomaji wa mbali, kwa lugha ya mbali, na mjukuu wa aliyeyasema hawezi kuyasoma isipokuwa kwa kamusi. Mali ikivushwa bahari kwa njia hii, mwenye mali hubaki na sifa tupu.

Na mali yenyewe si haba. Nani kisiwani asiyekijua kisa cha Kua na Kisimani? Husimuliwa kwamba watu wa mji mmoja, siku ya kushua chombo chao kipya, waliwalaza watoto wa mji wa pili wakapitisha chombo juu ya miili yao. Waliotendwa wakanyamaza miaka kadhaa, kisha wakawaalika watesi wao katika arusi, wakawakaribisha kwenye chumba cha chini ya nyumba, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukajengewa kwa mawe. Magofu ya Kua yangali yapo kisiwani Juani. Hapo pana kisasi, pana subira, pana mzee mmoja anayekubali kubaki ndani ili wageni wasishtuke. Mwandishi wa hadithi fupi atake nini zaidi? Lakini kisa hicho hupewa watalii kwa dakika tano, na hatujapata kukiona kikifanyiwa kazi na kalamu ya kijana wa Mafia katika kitabu kinachosomwa shuleni.

Tumeitaja hadithi fupi kwa makusudi. Riwaya hudai miaka na utulivu. Mvuvi, mkulima wa minazi au mwalimu wa shule ya msingi hana vyote viwili. Hadithi fupi yaweza kuandikwa kwa majuma machache, ikasomwa kwa sauti barazani, ikanakiliwa na kupelekwa mbali kwa gharama ndogo. Ndiyo sababu katika historia ya fasihi yetu hadithi fupi imekuwa mlango wa kuingilia ukumbini.

Mifano haikosekani. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika watumiao Kiingereza walikutana katika Chuo cha Makerere, Uganda. Ngugi wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi tu, aliingia mkutanoni kwa sababu ya hadithi fupi mbili alizokuwa amezichapisha majaridani, na humo akakutana na watu kama Chinua Achebe. Marehemu Ngugi mwenyewe alikuja kueleza baadaye uchungu wa jambo hilo: hadithi mbili za Kiingereza zilimpatia kiti mwanafunzi, ilhali Shaaban Robert, mwenye rafu nzima ya vitabu vya Kiswahili, hakuwa na sifa ya kualikwa. Shaaban Robert alifariki dunia mwezi huo huo. Tunajifunza hapo mambo mawili. Kwanza, mkutano wa waandishi waweza kumwinua kijana katika siku chache. Pili, mwenye kuandaa mkutano ndiye anayeamua lugha ya mlangoni. Tusipoandaa mikutano yetu, tutazidi kuwa wageni katika ya wenzetu.

Mfano wa pili unahusu mtu wa kisiwani hasa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Hadithi yake fupi ya "Mayai Waziri wa Maradhi" ilitokea mwaka 1978 katika gazeti la Jumapili, Mzalendo. Gazeti husomwa leo, kesho likafungiwa maandazi. Lakini hadithi ile haikupotea, kwa kuwa walikuwapo watu wa kuikumbuka. Na mwaka 2004 Kyallo Wadi Wamitila aliiweka katika mkusanyiko aliouhariri nchini Kenya, na jina la hadithi hiyo likawa jina la kitabu. Gazeti lilifungua njia, mhariri akaokoa, mkusanyiko ukadumisha. Kikikosekana kiungo kimoja, mnyororo wote hukatika.

Wenzetu wa Kenya wameielewa kazi ya mikusanyiko. Mwaka 2007 Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed, mmoja wa Bara la Kenya na mwingine wa Zanzibar, walihariri "Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine", na kitabu hicho kikasomwa na wanafunzi wa sekondari nchini humo. Uzuri wa mkusanyiko ni kwamba mwandishi asiyejulikana huketi mkeka mmoja na mwenye jina. Msomaji aliyemfuata mkubwa humkuta na mdogo. Hata kwa upande wa Kiingereza, Binyavanga Wainaina, baada ya kushinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, hakujifungia na ushindi wake. Yeye na wenzake walianzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi, na mwaka 2003 Yvonne Owuor akashinda tuzo hiyo hiyo kwa hadithi iliyotokea humo. Mmoja aliyevuka alirudisha mtumbwi kuwachukua wengine.

Twajua yatakayosemwa. Baadhi ya viongozi watasema kwamba wananchi wanataka kwanza barabara, maji, vivuko na dawa. Ni kweli, na gazeti hili halitaacha kuyadai hayo. Lakini kukusanya watu thelathini chini ya mwembe wakasomeana hadithi hakuzuii lori la kokoto. Isitoshe, kisiwa kinachoweza kujieleza hudai haki zake kwa lugha iliyo wazi zaidi kuliko kisiwa kinachosubiri kuelezwa na wengine. Ofisa apendaye kujua kwa nini vijana wanahama atajifunza mengi kutoka hadithi moja nzuri ya kijana aliyehama.

Wengine watasema: matamasha yapo tayari. Hapa tuseme bila kuficha. Tumehudhuria matamasha mengi ambayo mgeni rasmi alisubiriwa mpaka jua likawa la utosi, hotuba zikafuatana, ngoma ikapigwa, picha zikapigwa, na waandishi waliokuwa wameketi nyuma wakaondoka bila kusoma hata ukurasa mmoja. Tamasha la namna hiyo si la fasihi. Ni la viti. Fedha zinazotumika kwa fulana na mabango zingetosha kuchapa kitabu kidogo.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa Halmashauri ya Wilaya ya Mafia, kwa uongozi wa Mkoa wa Pwani, na kwa wanakisiwa wenyewe.

Kwanza, Ofisa Utamaduni akishirikiana na Ofisa Elimu wawaandikishe wenye kuandika, kijiji kwa kijiji, na viundwe vikundi viwili vya kusomeana: kimoja cha kusini, cha Kilindoni, Utende, Chole, Juani na Jibondo, kingine cha kaskazini, cha Kirongwe, Kanga na Bweni. Wanawake, ambao ndio wasimulizi wakubwa wa ngano majumbani, hawataweza kusafiri kila mara hadi makao makuu. Mkutano uwafuate walipo.

Pili, iwepo siku moja kila mwaka ya kusoma hadithi, na ifanyike Bweni, karibu na Ras Mkumbi, badala ya Kilindoni ambako kila jambo hufanyika. Ipangwe wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawatoki na taa zao, na huwa nyumbani. Hotuba isizidi moja. Waalikwe walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watu wa BAKITA, waje wasikilize na kusahihisha, si kufungua na kufunga tu.

Tatu, hadithi bora za kila mwaka zihaririwe na kuchapishwa katika mkusanyiko, kwa Kiswahili, na nakala zipelekwe katika shule zote za wilaya. Mhariri amrudishie kila mwandishi kazi yake pamoja na maelezo, hata aliyekataliwa. Mkataba uandikwe, hadithi ibaki mali ya mtunzi wake, kama Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inavyomlinda. Tumechoka kuona majina ya wadhamini yakichapwa makubwa kuliko ya watunzi.

Kwa upande wetu, hatutaki kuhesabiwa miongoni mwa wanaoelekeza njia bila kutembea. Gazeti hili litatenga nafasi kila Jumamosi kwa hadithi moja fupi kutoka visiwani na pwani yetu, isiyozidi maneno 1,500. Muswada ulioandikwa kwa mkono utapokewa kama ule uliopigwa chapa. Kila utakaofika utasomwa, na kila mtunzi atajibiwa.

Mafia ina watu zaidi ya 60,000 kwa sensa ya mwaka 2022. Haiyumkiniki kwamba miongoni mwao hamna hata kumi wenye jambo la kusimulia na uwezo wa kulisimulia. Wapo. Wengine wao, jioni hii, wanaandika kwa taa ya simu na kuficha daftari chini ya godoro, wakiogopa kuchekwa. Viongozi wawatafute, nao wasingoje kutafutwa: watuletee hadithi zao.