Farasi Ameandikwa, Mpandaji Amesahauliwa

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wafugaji wa farasi wa mbio wa Uingereza hawakuisikia methali hiyo, lakini waliifuata kwa bidii isiyo na kifani. Kwa muda wa karibu miaka 300 wameandika nani kazaliwa, nani kazaa, nani kashinda, siku gani na mahali gani. Saisi, yaani mtunza farasi, aliweza kuzaliwa, kufanya kazi na kuzikwa bila jina lake kutajwa katika kitabu chochote cha mbio, ilhali farasi aliyemlisha kwa mkono wake ana nasaba iliyoandikwa vizazi vingi nyuma. Hapo ndipo penye sifa ya vitabu hivyo, na hapo hapo ndipo penye dosari yao.

Mnamo mwaka 1727, Mwingereza aitwaye John Cheny alichapisha orodha ya mashindano ya farasi yaliyofanyika mwaka ule. Mwaka 1791 James Weatherby akatoa utangulizi wa daftari la nasaba, ambalo jamaa za kazi yake wameliendeleza hadi leo. Sababu ya juhudi hizo haikuwa mapenzi ya elimu peke yake. Fedha nyingi ziliwekwa katika kamari, na mbio nyingi zilipangwa kwa kufuata umri wa farasi. Mtu mwenye hila aliweza kumleta farasi mkubwa akaapa kuwa ni mdogo, au kumuuza mtoto wa farasi duni kwa jina la baba maarufu. Daftari lilikuwa dawa ya udanganyifu.

Katika daftari hilo farasi wa mbio wa ukoo uitwao Thorobredi wote, kwa upande wa baba, hurudi kwa madume watatu tu waliotoka nchi za Mashariki. Mmoja alinunuliwa Aleppo, nchini Syria, akafikishwa Uingereza mwaka 1704, naye akaitwa Mwarabu wa Darley. Wa pili ni Mwarabu wa Godolphin. Wa tatu ni Mturuki wa Byerley, naye huyo alikuwa farasi wa askari: Kapteni Byerley alimpanda vitani Ireland, katika vita vya Mfalme William vilivyoanza mwaka 1689. Hivyo ukoo unaoshangiliwa viwanjani una damu ya mnyama aliyewahi kusikia mizinga.

Hata hivyo, daftari ni shahidi, si hakimu. Majike wengi wa zamani hawakupewa hata jina, wakaandikwa tu kuwa ni binti wa dume fulani. Mwaka 2002 wataalamu wa Dublin, Ireland, walitangaza matokeo ya kuchunguza chembe za urithi ambazo mtoto huzipata kwa mama peke yake. Waligundua kwamba baadhi ya koo za majike zilizoandikwa kuwa zatoka kwa mama mmoja hazikutoka kwa mama mmoja hata kidogo. Mwandishi alikosea, au alidanganywa, na kosa likarithiwa kwa miaka zaidi ya 200 kwa kuwa lilikuwa limechapishwa.

Kosa la namna hiyo lina tiba, maana damu yenyewe husema. Kosa zito zaidi ni lile la kutoandika, na mfano wake ulio wazi uko Marekani.

Mashindano makubwa ya Kentucky, yaitwayo Kentucky Derby, yalianza mwaka 1875. Wapandaji walikuwa 15, na kati yao 13 walikuwa watu weusi. Mshindi alikuwa farasi Aristides, aliyepandwa na Oliver Lewis, mtu mweusi, na kufunzwa na Ansel Williamson, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Katika mashindano 28 ya kwanza, 15 yalishindwa na wapandaji weusi. Kazi ya kulisha, kufunza na kupanda farasi ilikuwa mikononi mwa watumwa tangu zamani, na baada ya uhuru wao ujuzi huo ukawa riziki na heshima yao.

Ilipokaribia mwaka 1900 mambo yaligeuka. Mshahara na zawadi za wapandaji zilikuwa zimenona, na ubaguzi wa rangi ulikuwa umepewa nguvu ya sheria. Wapandaji weupe waliwabana wenzao weusi kwenye ua wa kiwanja mbio zikiendelea. Wenye farasi wakaogopa kuwaajiri. Baada ya mwaka 1921 hakuonekana mpandaji mweusi Mmarekani katika Derby hiyo hadi mwaka 2000. Vitabu vingi vilivyoandikwa katika kipindi hicho viliwasifu farasi na matajiri waliowamiliki. Mtu aliyeshika hatamu alipewa mstari mmoja, au asipewe kitu. Kijana aliyezaliwa baadaye aliweza kuamini kwamba watu weusi hawakupata kuwamo kabisa.

Mkubwa wao alikuwa Isaac Murphy, mshindi wa Derby katika miaka ya 1884, 1890 na 1891. Baba yake alijiunga na jeshi la Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye akafia katika kambi iitwayo Camp Nelson, huko Kentucky. Jina la ukoo wa baba lilikuwa Burns, lakini kijana alipoanza kupanda alichukua jina la Murphy kwa heshima ya babu yake mzaa mama. Murphy alifariki mwaka 1896, akazikwa katika makaburi ya watu weusi mjini Lexington, na kaburi lake likapotea katika kumbukumbu za watu. Lilipatikana tena katika miaka ya 1960 kwa sababu mwandishi mmoja, Frank Borries, alilitafuta kwa miaka. Mwaka 1967 mabaki yake yalihamishwa na kuzikwa upya kwa heshima.

Hapa ndipo kazi ya mwandishi wa historia inapopimwa. Murphy mwenyewe alihesabu kuwa alishinda mara 628 katika mbio 1,412. Watafiti waliofuata, kwa kupekua kumbukumbu zilizochapishwa, wamepata ushindi 530 katika mbio 1,538. Mwandishi mwaminifu haifichi hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Humheshimu mtu kwa kusema kweli juu yake. Na hata kwa hesabu iliyo ndogo, mtu huyo alishinda zaidi ya mara moja katika kila mbio tatu. Sifa ya kweli haihitaji kuongezwa chumvi.

Edward Hotaling alitoa kitabu juu ya wapandaji weusi mwaka 1999, na Pellom McDaniels akaandika maisha ya Murphy mwaka 2013. Kitabu kingine cha Hotaling, cha mwaka 2004, kilihusu Jimmy Winkfield, mshindi wa Derby za 1901 na 1902, aliyefukuzwa na ubaguzi akaenda kushinda Urusi na Ufaransa. Mwaka 1961 mzee huyo alirudi Kentucky, akaalikwa karamuni hotelini, naye akazuiliwa mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Habari kama hizo hazimo katika daftari la nasaba. Huokotwa magazetini, katika orodha za jeshi, katika vitabu vya makaburi, na midomoni mwa wazee kabla hawajaondoka.

Msomaji akaaye kambini na jamaa zake huenda asimiliki farasi maisha yake yote. Lakini kila nyumba ina wapandaji wake waliosahauliwa: babu aliyetumikia jeshini na nishani yake ikapotea, shangazi aliyelea watoto wa ndugu watano, mkunga aliyepokea kijiji kizima. Daftari la shule la kurasa 40 latosha kuanzia. Liandikwe jina kamili, mahali, mwaka, na jina la aliyesimulia. Wazee wakihitilafiana, maneno ya wote wawili yaandikwe, asifutwe mmoja kwa kumpendeza mwingine. Mtoto mwenye mwandiko mzuri apewe kalamu, mzee apewe kiti, na kazi hiyo ifanywe wakati mzee yungali na sauti.