Marufuku Iliyoishia Mlangoni



Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe kwa kuirekebisha Katiba yake. Miongoni mwa waliolipigania jambo hilo ni akina mama waliochoka kuona mishahara ya waume wao ikiishia vilabuni. Lakini sheria ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha. Kunywa kwenyewe hakukukatazwa. Matajiri waliojiwekea akiba mapema waliendelea kunywa majumbani mwao, na magenge ya magendo, kama la Al Capone huko Chicago, yakatajirika. Desemba 1933 marufuku ikafutwa.

Madina haikuwa hivyo. Katazo lilishuka kwa hatua, nyoyo zikiandaliwa. Lilipotimia, Maswahaba waliimwaga pombe yao wenyewe hata ikatiririka vichochoroni, wala hakuna askari aliyegonga mlango.

Nasi katika kamati za misikiti huandika barua kuomba baa za jirani zifungwe. Tuendelee kuziandika. Lakini kijana anayemwona baba akitia saini barua hiyo mchana, kisha usiku akarudi ananuka pombe, atamsadiki nani? Tuanzie ndani ya nyumba zetu.

Allah atuongoze. Amin.