Si Kila Jino Dawa Yake Kung'oa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kushindana na neno moja ambalo watu wa huku, tangu milima ya Wamatengo hata mwambao wa Ziwa Nyasa, hulisema kama sheria: "Dawa ya jino ni kung'oa." Kwa jino lililooza hata mzizi, huenda ikawa kweli. Kwa ugonjwa wa fizi ni hasara tupu, nasi makarani twaieneza hasara hiyo kwa kalamu zetu.

Ugonjwa huu huanza kimya. Utando wa vijidudu hukaa juu ya jino karibu na ufizi. Usiposuguliwa huwa mgumu, ndio ukoga. Ufizi huvimba na kutoka damu mtu apigapo mswaki. Hapo bado waponyeka kabisa. Ukiachwa, vijidudu hushuka chini, mfupa unaoshika jino hulika, na jino lisilo na tundu hata moja hulegea. Tumbaku huzidisha maradhi haya, na kisukari vilevile. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa hesabu kwamba watu zaidi ya milioni elfu moja wana ugonjwa mkali wa fizi.

Matibabu yake ni kukwangua ukoga juu na chini ya ufizi, kumfundisha mgonjwa kusafisha kinywa, na kumwita tena atazamwe. Mfupa uliokwisha kulika haurudi wote, na huenda meno yakaona baridi kwa siku kadhaa. Lakini mara nyingi jino husalia, na mwenyewe hula nalo.

Wako wasemao, "Ugonjwa huu hauui, fedha ziende kwa malaria." Nami nawauliza: je, mtu huenda hospitali ili asife tu? Mvuvi wa Mbamba Bay asiyeweza kutafuna samaki mkavu, mkulima wa kahawa asiyepata usingizi kwa jipu la ufizi, karani afunikaye mdomo kwa mkono asemapo na watu: hawa hawakufa, lakini waishije? Wataalamu hawakulidharau swali hili. Mwaka 2003 Masalu wa Dar es Salaam na Åstrøm wa Bergen walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Tanzania, wakitumia maswali manane: kula, kusema, kusafisha meno, kulala, kucheka bila haya, kutulia moyo, kufanya kazi, na kukaa na watu. Tena tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba mgonjwa aliyetibiwa fizi huona nafuu katika mambo kama hayo.

Sasa tutazame daftari. Jino lililong'olewa huandikwa, kwa kuwa laonekana sahanini. Usingizi uliorudi hauna safu yake. Na kisichoandikwa hakiombewi vifaa: hesabu ya mwaka ikiwa ni ya meno yaliyong'olewa peke yake, koleo ndizo zitakazoletwa, si vyombo vya kukwangulia. Basi karani asiseme kwamba yeye ni mwandishi tu.

Wengine husema waganga wa meno hawatoshi. Ni kweli, ingawa Muhimbili ilianza kuwafundisha tangu 1979. Lakini kazi ya kukwangua ukoga haimngoji daktari mkubwa. Matabibu wa meno, ambao hufunzwa Tanga na Mbeya, waiweza. Na kufundisha kupiga mswaki kwaweza kufanywa na kila mwalimu na kila muuguzi.

Kwa hiyo nawasihi wanachama tudai mambo matatu. Kwanza, daftari iseme jino liling'olewa kwa ugonjwa gani, na fizi ngapi zilitibiwa. Pili, mgonjwa aulizwe, kabla ya matibabu na baada yake, kama aweza kula, kulala na kufanya kazi. Tatu, tabibu wa meno mwenye vyombo afike kwa siku zilizotangazwa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ili wa mwambaoni asilazimike kupanda mlima mpaka Mbinga kwa ukoga ambao ungeondolewa karibu na nyumbani kwake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa meno ukibomoka, hakuna fundi wa kuurudisha kama ulivyokuwa.

Wasalaam,
Mwanachama mwenzenu, Mbinga