TUWAENZI BABU NA BIBI ZETU KWA KUUNGA UDUGU



Kila msimu wa korosho unapofika hapa Tandahimba na malipo yakaanza kutoka, familia nyingi huchinja na kupika pilau ili kuwarehemu wazee waliotangulia. Kisomo husomwa, watu hula, kisha hutawanyika. Lakini mara nyingi, katika mkusanyiko huo huo, mtoto wa shangazi hakualikwa, na ndugu wawili wa tumbo moja wameketi mbali mbali kwa kuwa hawasemezani tangu babu alipozikwa. Je, hapo tumemheshimu babu, au tumeshibisha matumbo yetu tu?

Mtume Muhammad (s.a.w.) aliulizwa na mtu mmoja kama umebaki wema wowote wa kuwatendea wazazi baada ya kufa kwao. Katika jawabu lake, lililopokewa na Abu Dawud, alitaja kuwaombea dua na msamaha, kutimiza ahadi zao, kuunga udugu unaopatikana kupitia kwao, na kuwakirimu marafiki zao. Abdullah bin Umar aliyatenda hayo. Alipokutana na bedui mmoja katika njia ya Makka, alimpa punda wake na kilemba chake mwenyewe. Wenzake walipostaajabu, aliwaeleza kuwa baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa baba yake Umar. Ikiwa mtoto wa rafiki alistahili hayo, mtoto wa shangazi je?

Wazee wetu walipitia mengi. Wapo waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakitafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na wapo waliokimbia vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Kisha katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha wengi. Leo wajukuu wametapakaa Newala, Masasi, Mtwara, Dar es Salaam na ng'ambo ya mto. Tangu mwaka 2017 vita vya Cabo Delgado vimewafukuza watu wengi majumbani mwao. Ni wangapi kati yetu waliowaulizia jamaa zao huko?

Hata hivyo, kinachotutenga zaidi si mto wala umbali. Ni mikorosho. Mkorosho huendelea kuzaa miaka mingi baada ya aliyeupanda kuzikwa, na anayeokota hujiona ndiye mwenye shamba. Mirathi haigawanywi, yatima na wanawake hunyimwa haki yao. Kwetu Umakondeni mila hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Heshima ya mjomba ni jambo jema, lakini isiwe hoja ya kumnyima mtu fungu alilowekewa na Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa. Anayekula haki ya mjukuu mwenzake, kisha akamchinjia babu mbuzi, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Atasema mtu: "Wao ndio walioanza kutukata." Mtume (s.a.w.) alikwisha tufundisha kuwa muunga udugu wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga pale alipokatwa.

Basi, kabla ya msimu ujao tutende mambo matatu:

1. Kila familia iandike majina ya watoto na wajukuu wote wa babu na bibi, wa kuumeni na wa kikeni, na mahali waliko.

2. Mirathi iliyolala igawanywe mbele ya mashahidi na wajuzi wa sheria ya dini.

3. Kila mmoja wetu amwendee, au ampigie simu, ndugu mmoja aliyehasimiana naye, aanze yeye kwa salamu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, aziunganishe nyoyo zetu, wala asitufanye sisi kuwa sababu ya kukatika kwa kizazi chao. Amin.